Waliolala Nachingwea

Mwaka 1965 nchi yetu ilifungua milango miwili kwa wageni. Mmoja ulikuwa Dar es Salaam, mbele ya bandari: Hoteli ya Kilimanjaro, ghorofa juu ya ghorofa, vyumba vyenye bafu ndani na madirisha yanayotazama meli. Wa pili ulikuwa huku kwetu Nachingwea, kwenye shamba walilolima Waingereza, shamba lenye namba tu: Farm 17. Pale serikali iliwapa wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, mahali pa kulala, kula na kujifunza vita. Mlango wa kwanza umeandikwa na kupigwa picha sana. Mimi nimekulia jirani na ule wa pili, na tangu usichana kazi yangu ni kutandika vitanda vya wageni, kwa hiyo nitaandika habari za upande huu.

Dar es Salaam ilikuwa na hoteli kubwa hata kabla ya Kilimanjaro. New Africa ilijengwa na Wajerumani mwaka 1906 wakaiita Kaiserhof, na baada ya uhuru baraza yake ikawa mahali pa kukutania wanasiasa, waandishi wa habari na wakimbizi wa vyama vya ukombozi kutoka kusini mwa Afrika. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, ilikuwa na makao yake mjini humo tangu 1963. Viongozi walizungumza na wageni wao katika hoteli za mjini. Vijana waliokuwa wakienda kufa kwa ajili ya mazungumzo hayo walipanda malori kuja kusini. Nadhani anayetaka kuielewa hoteli ya mjini ni lazima aulize pia walilala wapi wale ambao hawakuwahi kuingia ndani yake.

Zamani huku hapakuwa na nyumba ya kulipia. Njia za misafara kutoka Ziwa Nyasa kwenda Kilwa na Lindi zilipita katika nchi hii ya Wamwera, Wayao na Wamakua, na msafiri alipiga kambi au alifikia kwa jumbe. Aliyekuwa na mtani alikwenda kwa mtani. Baadaye wakaja wamisionari, na misheni nazo zikawa vituo vya kulala. Serikali ya kikoloni ikaongeza nyumba zake za wageni karibu na boma, kwa ajili ya bwana shauri na maofisa wenzake wakiwa ziarani. Mwafrika alilala barazani kwa watu, akala walichokula wenyeji, na sheria yake aliijua: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Mwaka 1947 wakaja wageni walioleta jembe lao wenyewe. Serikali ya Uingereza, iliyokuwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita, iliamua kulima karanga Tanganyika katika ekari zipatazo milioni 3.2 pamoja na zile za nchi jirani, kwa gharama iliyokadiriwa kuwa pauni milioni 25. Kongwa na Urambo ndizo zinazotajwa sana, lakini kwenye makaratasi zaidi ya nusu ya ekari hizo zilipangwa ziwe Jimbo la Kusini, na makao ya kusini yakawekwa Nachingwea. Kazi ilianza chini ya kampuni ya United Africa, kisha mwaka 1948 ikakabidhiwa shirika la serikali ya Uingereza, Overseas Food Corporation. Ikajengwa reli kutoka ghuba ya Lindi kuingia bara, ikafika Nachingwea mwaka 1949. Ikaanza kujengwa bandari ya kina kirefu Mtwara. Hapa mjini ukalimwa uwanja wa ndege, na miaka ya 1950 ndege za East African Airways zilikuwa zikitua Nachingwea kama zilivyotua Lindi na Mtwara. Pori la miombo likageuka mji katika muda ambao mkorosho hauwezi hata kuzaa.

Marehemu baba yangu aliingia kazini wakati huo akiwa kijana. Vibarua walikuja kutoka kila upande, na Wamakonde walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Wengi walipangwa kung'oa visiki. Baba alipata bahati ya kuwekwa nyumba ya wageni ya Wazungu, ile waliyofikia mainjinia na wakubwa waliotoka Dar es Salaam na London kwa siku chache. Alipotusimulia hakuanza na matrekta. Alianza na shuka. Shuka zilifuliwa, zikatiwa wanga, zikapigwa pasi ya mkaa, na mkaa ulipepewa nje kwanza ili jivu lisidondoke kwenye kitambaa cheupe. Kitanda kilitandikwa kwa namna moja tu: shuka ya chini inavutwa hadi inakaza, pembe inashikwa na kunyanyuliwa juu ya godoro, sehemu inayoning'inia inachomekwa chini, kisha ile pembe inashushwa na kuchomekwa nayo, ukabaki mkunjo wa mshazari kama bahasha. Msimamizi alipita na kuvuta kila pembe. Ikichomoka, kitanda kizima kilifumuliwa.

Alfajiri maji ya moto yalikuwa yamefika mlangoni kwenye jagi, na viatu vilivyoachwa nje usiku vilikuwa vimepigwa kiwi. Baba mwenyewe, baada ya kazi, alirudi kambi ya Waafrika akalala kitanda cha kamba. Hakulalamika alipotusimulia, ila alikuwa na neno moja alilolirudia: mtu anayekutandikia kitanda anakujua kuliko anayekupikia.

Karanga hazikuja. Kongwa ardhi ilikauka ikawa ngumu, mvua zikakosa wakati, mashine zilizonunuliwa kwenye mabaki ya vita zikavunjika. Huku kusini mvua ilikuwa afadhali, lakini misitu ilikuwa mizito, na reli na bandari vilikuwa bado vinajengwa huku mashamba yakitakiwa yawe yamezaa. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango huo ikiwa imepoteza pauni milioni 36 hivi. Mashamba machache ya majaribio yaliendelea kwa miaka kadhaa. Bandari ya Mtwara ilikamilika mwaka 1954, wakati mzigo ambao ilijengewa umeshakufa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa na kung'olewa.

Waandishi wa Kiingereza wameufanya mkasa huo kuwa hadithi ya kiburi cha serikali yao, na wana haki. Lakini ukiishi hapa unaona jambo jingine. Waliondoka na matrekta, wakaacha watu wenye ufundi: madereva, mafundi bomba, waashi, wapishi wa jiko la kuni wanaooka mkate, na watandikaji kama baba. Ufundi huo haumo kwenye hesabu ya hasara. Hakuna aliyeuhesabu kwa sababu ulibaki mikononi mwa watu ambao majina yao yaliandikwa kwenye orodha ya mishahara tu.

Ndiyo maana wapiganaji walipoletwa Farm 17, hawakuletwa porini. Waliletwa mahali penye barabara zilizochongwa, ardhi iliyofyekwa na uwanja wa ndege. FRELIMO ilikuwa imeundwa Dar es Salaam Juni 1962, chini ya Eduardo Mondlane, na kambi ya Nachingwea ikawa chuo chake kikuu cha kijeshi na kisiasa. Samora Machel aliongoza mafunzo hapa kabla ya kuwa rais wa chama baada ya Mondlane kuuawa kwa bomu Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969. Walimu wa Kichina walifika. Vijana walilima chakula chao, wakajifunza kusoma, wakajifunza pia Kireno, maana wengi walitoka makabila yasiyoelewana kwa lugha.

Sisi watoto wa mjini tulijua kwamba upande ule hauendwi. Usiku malori yalipita taa zikiwa zimezimwa, na asubuhi watu wazima hawakuulizana. Mji mzima ulitunza siri ya wageni wake kwa miaka kumi, na naona huo ndio ukarimu mkubwa kuliko wote uliowahi kutendeka Nachingwea, kwa sababu Wareno walikuwa ng'ambo ya Ruvuma tu na kila mtu alijua wana ndege.

Lakini lazima niseme na hili: si kila aliyelala Farm 17 alilala kwa hiari. Mwaka 1975, uhuru wa Msumbiji ukikaribia, wapinzani wa FRELIMO, akiwamo Mchungaji Uria Simango aliyewahi kuwa makamu wa rais wa chama, waliletwa kambini hapo na kusomewa makosa yao mbele ya watu. Baadaye waliuawa wakiwa mikononi mwa chama chao, nchini mwao. Mei ya mwaka huohuo Samora alivuka Ruvuma na kuanza safari yake ndefu hadi Maputo. Mahali pamoja pamebeba mambo hayo mawili, na anayeandika historia ya mahali hana ruhusa ya kuchagua moja.

Wakati huo mama yangu alikuwa ameshafungua gesti. Ilikuwa miaka mizuri ya korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani zipatazo 145,000, nyingi zikitoka huku kusini, na kila Oktoba mji ulijaa: wanunuzi, madereva, utingo, wapimaji wa mizani, maofisa wa ushirika, wauza vitenge waliofuata fedha ya mkulima. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba vichache vilivyopangana pande mbili za ua, choo na bafu nyuma, kisima cha kukodi kwa jirani. Kila chumba kilikuwa na kitanda, chandarua, taa ya chemli, kandambili moja chini ya kitanda na ndoo ya maji. Mlangoni palibandikwa masharti: lipa kabla ya kulala, mwisho wa kutoka saa nne asubuhi, fedha zikabidhiwe kwa mwenye nyumba. Baba alimfundisha mama kutandika, mama akanifundisha mimi. Alivuta pembe kama yule msimamizi. Ikichomoka, fumua.

Jioni, kazi yangu ilikuwa kitabu cha wageni. Mistari yake niliichora mwenyewe kwa rula: tarehe, jina, kabila, anakotoka, anakokwenda, kazi, chumba, saini. Polisi alipita usiku kukikagua, kwa hiyo hapakuwa na ruhusa ya kuacha nafasi wazi. Asiyejua kuandika alitaja, nami nikamwandikia, kisha akaweka dole gumba. Nimekaa na vitabu hivyo hadi leo kwenye sanduku la bati, na nikivifungua naiona nchi. Misimu ya korosho kurasa zinajaa kwa siku chache, wanatoka Mtwara, Dar es Salaam, Unguja. Kisha, kuelekea katikati ya miaka ya 1980, ukurasa mmoja unabeba mwezi mzima. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa mbali na mikorosho yao, bei ikashuka, ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia kwenye maua, na uvunaji wa nchi nzima ukaanguka hadi chini ya tani 20,000. Kwenye kitabu chetu safu ya kazi inabadilika: wanapungua wafanyabiashara, wanabaki walimu waliohamishwa na wauguzi wanaosubiri nyumba.

Kuna mstari mmoja wa miaka ya karibuni ambao humwonyesha kila anayeniuliza. Alifika mzee kutoka Msumbiji, amevaa koti zito kwa joto la hapa, anaongea Kiswahili cha zamani kilicho safi.

"Hodi hapa. Chumba kipo, mama?"

"Karibu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Nataka cha chini, magoti yamechoka."

Nyumba yetu haina ghorofa, lakini nilielewa: hakutaka ngazi ya barazani. Nikampa chumba cha uani. Alikichukua kitabu mwenyewe, akaandika pole pole. Kwenye anakokwenda aliandika Farm 17. Kwenye anakotoka, mahali alipotakiwa kuandika Mueda au Pemba ya kwao, aliandika Nachingwea. Polisi angekuja angenigombeza, nikataka kumwomba arekebishe, kisha nikaacha. Asubuhi nilimwitia bodaboda ikampeleka kule. Aliporudi alikula wali na mbaazi bila kusema neno, akalipa, akaondoka na basi la Masasi.

Barabara ndiyo iliyobadilisha biashara yetu kuliko siasa yoyote. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa kwenye Mto Rufiji mwaka 2003, msafiri wa kusini alikwama kwenye kivuko cha Ndundu, na masika ikikolea alilala njiani, ndani ya basi au juu ya mkeka, usiku baada ya usiku. Aliyefika Nachingwea alifika amechakaa, akataka maji kabla ya jina. Na maji yenyewe yalikuwa taabu: tuliyanunua kwa madumu mpaka mradi wa Mbwinji ulipoanza kuleta maji ya chemchemi Masasi na Nachingwea. Mwenye gesti aliye na maji alikuwa na wageni, asiye na maji alikuwa na vitanda.

Kwa jirani zetu Ruangwa hadithi ni fupi lakini ina kasi. Ruangwa ilikatwa ikawa wilaya inayojitegemea katikati ya miaka ya 1990, na kabla ya hapo ofisa wa serikali aliyekwenda huko alipenda kurudi kulala Nachingwea. Kisha mambo yakafuatana: mfumo wa stakabadhi ghalani ukarudisha wanunuzi kwenye minada ya chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, ambacho jina lake limebeba Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Ufuta ukapanda bei. Wajiolojia wakaja kutafuta madini ya kinywe. Novemba 2015 mbunge wa Ruangwa, Kassim Majaliwa, akateuliwa kuwa Waziri Mkuu, na misafara ya viongozi ikaanza kulala huko. Lodge zikaota, zenye vigae, televisheni ukutani na choo cha ndani. Mwaka 2019 timu ya huko, Namungo, ikapanda Ligi Kuu ya soka, na timu zilizozoea hoteli za Dar es Salaam zikalazimika kuja kucheza Uwanja wa Majaliwa. Tarehe 8 Julai 2020 Simba ilikabidhiwa kombe la ubingwa palepale Ruangwa, baada ya sare ya bila kufungana. Watu walilala kwenye magari, barazani na kwa ndugu wa mbali. Ilikuwa kama enzi za jumbe: aliyekosa chumba alipokewa nyumbani kwa mtu, na hakuna aliyeulizwa kabila wala saini.

Wanangu walipata kunipeleka Dar es Salaam, harusi ya mmoja wao ilifanyika katika hoteli kubwa mjini, nasi wazazi tukawekewa chumba hapohapo. Kadi ya kufungulia mlango, zulia linalomeza mguu, bahari dirishani. Kila mtu alitazama bahari. Mimi nilinyanyua ukingo wa godoro nikaangalia pembe ya shuka. Ulikuwa mkunjo wa mshazari, bahasha ileile. Niliuvuta. Haukuchomoka. Asubuhi nilimpongeza binti aliyekuja kusafisha, akashangaa, akasema hakuna mgeni aliyewahi kumsifia kitanda. Nilitandika naye upande mmoja, yeye upande wa pili, na mikono yetu ilikwenda sawa. Nilijisikia fahari kwa ajili ya baba, ambaye hoteli kama ile angeruhusiwa kuingia kwa mlango wa jikoni tu.

Bei ya chumba kile kwa usiku mmoja ingelaza watu wengi kwangu. Siioni kuwa dhambi. Anayelipa hapo analipia hata wale wanaofua usiku kucha chini ya jengo. Ninachodai ni kwamba kazi ni moja, na historia yake ni moja, kuanzia kambi ya karanga hadi ghorofa za Dar es Salaam, na watu wa kusini wamo ndani yake tangu mwanzo.

Siku hizi mambo yanageuka tena. Tangu mwaka 2024 mauzo ya ufuta na korosho yanapitia Soko la Bidhaa, TMX, na mnunuzi anaweza kuweka bei yake akiwa ofisini mbali na huku. Mkulima ana haki ya kufurahia ushindani huo. Kwa mwenye gesti ni kurasa tupu nyingine. Kumbukumbu za aina hii hupotea upesi zaidi nyakati kama hizi: nyumba inauzwa, mwenyewe anafariki, warithi wanasafisha stoo. Nimeona kwa macho yangu vitabu vya wageni vya gesti ya jirani vikifungiwa karanga za kukaanga sokoni, kurasa za miaka ya sabini, saini na madole gumba.

Kwa hiyo natoa ombi kwa wenzangu wenye nyumba za wageni Nachingwea, Ruangwa, Masasi na Liwale. Msichome vitabu vya zamani wala kuviuza kwa kilo. Vikaushieni juani, vifungeni kwenye mfuko usiopenya maji, andikeni juu jina la nyumba na miaka. Maofisa utamaduni wa halmashauri zetu watafute kabati moja tu lenye kufuli, na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa iombwe kuja kuvitazama kabla mchwa hawajavimaliza. Na kama una mzee nyumbani aliyetandika, aliyepika au aliyefua kwa ajili ya wageni hao, kaa naye wiki hii umwandike. Vya kwangu vipo sandukuni. Atakayetaka kuvisoma aje, chumba kipo.